Mguu umevunjika: Kwanini Ramsey alirudi, Busst akaishia palepale

DAKIKA ya tatu tu. Februari 23, 2008, Uwanja wa St Andrew's, Birmingham City wanaikaribisha Arsenal iliyokuwa kileleni mwa Ligi Kuu England. Straika Eduardo da Silva anaugusa mpira, beki Martin Taylor anachelewa, buti lake linatua juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kushoto. Mwamuzi anatoa kadi nyekundu palepale. Lakini kilichowashtua waliokuwa mbele ya runinga ni kitu kingine: picha ya marudio haikuja. Televisheni ya Sky iliona ni mbaya mno kuirudia.

Mechi iliisha 2-2, nahodha William Gallas akakaa chini uwanjani kwa hasira, na ubingwa ukaanza kuponyoka. Arsenal ilimaliza ya tatu. Mpaka leo mashabiki wa Washika Bunduki wakianza kuhesabu misimu yao ya majonzi, ule wa 2008 haukosi, na unaanzia kwenye mguu wa Eduardo.

Kwenye vijiwe, stori za kuvunjika huwa zinaishia hapo. Kaumia, katolewa na machela, tutamwona msimu ujao. Akirudi mapema anaitwa roho ngumu. Asiporudi, inasemwa alikata tamaa. Ukweli ni kwamba mara nyingi roho haina kazi kubwa hapo. Henrik Larsson alivunjika mguu Oktoba 1999 Celtic ikicheza na Lyon, akarudi Mei 2000 na kwenda kufunga kwenye Euro ya mwaka huohuo. David Busst alivunjika mguu Aprili 1996 na hakucheza soka la ushindani tena. Wote wawili walikuwa wanaume wa kazi. Tofauti yao ilikuwa kwenye jeraha lenyewe.

NGOZI IKICHANIKA, HESABU INABADILIKA

Kitu cha kwanza ambacho daktari anakiangalia ni ngozi. Mfupa ukivunjika ndani kwa ndani, ngozi ikabaki nzima, hiyo ni vita moja: kuunga. Mfupa ukitoboa ngozi ukaona jua, vita zinakuwa mbili, na ya pili ni ya bakteria. Udongo, nyasi, uchafu wa soksi na wa buti, vyote vinapata njia ya kuingia mpaka kwenye mfupa. Na mfupa ukishaingiliwa na vijidudu, kuwatoa ni kazi ngumu, maana damu haifiki kwa wingi kwenye mfupa uliovunjika na dawa inasafiri na damu.

Hiki ndicho kilichomkuta Busst. Aprili 8, 1996, Old Trafford, Coventry City ilikuwa inapigania kutoshuka daraja. Mechi haikuwa imemaliza dakika mbili, ikapigwa kona ya Coventry, beki huyo akaingia kwenye boksi kufuata mpira na kugongana na wachezaji wa Manchester United. Mifupa yote miwili ya chini ya goti ikavunjika na kutokeza nje. Mechi ilisimama, wahudumu wakaja kusafisha damu kwenye nyasi. Kipa Peter Schmeichel, jitu lisilotishwa na straika yeyote, aliondoka pale akiwa amevurugwa kabisa na alichokiona.

Wakati ule Busst alikuwa na miaka 28. Hakuwa ametokea akademi za kifahari. Aliokotwa kutoka ligi za chini kabisa za ridhaa na kuingia soka la kulipwa umri ukiwa umeshasogea. Mfupa peke yake pengine ungeungwa. Lakini kidonda kilipata bakteria sugu, wale ambao antibayotiki za kawaida haziwagusi, wakaanza kula misuli na mishipa ya mguu. Alifanyiwa operesheni zaidi ya 20. Kuna wakati suala halikuwa tena lini atacheza, bali kama mguu utabaki. Ulibaki. Soka halikubaki.

Ndo maana siku hizi mchezaji aliyetokwa na mfupa nje anapewa antibayotiki haraka iwezekanavyo, na kazi ya kwanza ya daktari wa upasuaji siyo kuunga bali ni kuosha. Anaosha kwa maji mengi, anakata nyama iliyokufa, halafu ndo anafikiria vyuma. Kidonda kibaya kinaweza kuachwa wazi kwa siku kadhaa na kurudiwa kuoshwa kabla ya kufungwa. Anayeona mgonjwa amelazwa na jeraha halijashonwa anaweza kudhani kasahaulika, kumbe ndo tiba yenyewe.

WANACHOTAFUTA KWENYE UNYAYO

Mchezaji akivunjika uwanjani, angalia mikono ya daktari wa timu. Utamwona anaweka vidole juu ya unyayo wa majeruhi na kutulia kidogo. Anatafuta mapigo ya damu. Kifundo kikiwa kimechomoka na mguu umegeukia pembeni, mishipa ya damu inaweza kuwa imebanwa kama mpira wa maji uliokunjwa. Unyayo unakuwa wa baridi, unapauka, na saa inaanza kuhesabu. Nyama isiyopata damu kwa saa chache inakufa.

Ndiyo sababu wakati mwingine daktari anaurudisha mguu kwenye mstari wake palepale uwanjani, akishampa mgonjwa gesi au sindano ya kutuliza maumivu. Kwa shabiki ni picha ya kutisha, lakini kwa mguu ni kufunguliwa bomba. Kisha linafuata banzi, kuuzuia usicheze mpaka hospitali. Eduardo, ambaye kifundo chake kilichomoka na kutokeza nje huku mfupa mwembamba wa pembeni ukiwa umevunjika, alikaa chini dakika kadhaa akihudumiwa kabla ya machela kuondoka. Hawakuwa wanapoteza muda.

Hatari ya damu haiishii uwanjani. Beki Luke Shaw alivunjika sehemu mbili kwenye mguu wa kulia Septemba 2015, Manchester United ikicheza na PSV kule Eindhoven. Miaka mitatu baadaye ndo alisema hadharani kwamba alikaribia kukatwa mguu, kwa sababu damu iliganda ndani na ikabidi arudishwe chumba cha upasuaji. Mashabiki waliokuwa wanamsema mnene na mvivu kwa miezi yote ile hawakuwa na habari.

'KAMA UNAKANYAGA, HUJAVUNJIKA'

Huu ni msemo wa mchangani, na umeumiza vijana wengi. Jamaa kaumia kwenye ndondo, kifundo kimevimba kama chungwa, wazee wa pembeni wanamwambia asimame ajaribu kukanyaga. Akikanyaga, basi, ni mshtuko tu, apakwe dawa ya kuchua aingie kipindi cha pili.

Wa kuwajibu ni Bert Trautmann. Mei 5, 1956, fainali ya Kombe la FA pale Wembley, kipa huyo Mjerumani wa Manchester City alijitupa miguuni mwa Peter Murphy wa Birmingham City zikiwa zimebaki dakika kama 17. Akagongwa shingoni. Enzi zile hakukuwa na mchezaji wa akiba, hivyo akanyanyuka, akayumba, akaendelea kudaka, na City wakashinda 3-1. Akapanda ngazi kuchukua medali yake shingo ikiwa imepinda. Siku chache baadaye picha ya eksirei ikaonyesha kuwa alikuwa amevunjika shingo. Pingili ya pili ilikuwa imepasuka, na bahati yake ya tatu iliibana isisogee. Mtu aliyevunjika shingo alicheza robo saa ya fainali na kutembea kwa miguu yake kwenda kupokea medali.

Kwa hiyo kukanyaga peke yake hakutoshi. Madaktari wa Ottawa, Canada, mwaka 1992 walitoa kanuni ambayo sasa inatumika duniani kote kuamua nani apigwe eksirei ya kifundo na nani asipigwe. Haina maajabu. Wanauliza kama majeruhi aliweza kupiga hatua nne pale alipoumia, na tena pale hospitalini. Kisha wanabonyeza mfupa, siyo nyama: ukingo wa nyuma na ncha ya yale mafundo mawili ya pembeni, la ndani na la nje. Akishindwa hatua nne, au mfupa ukiuma ukibonyezwa, apigwe picha. Mtu anaweza kuzimudu hatua zote nne na bado akapelekwa eksirei kwa sababu mfupa umelia ulipoguswa.

Na picha moja haitoshi. Mfupa hupigwa kwa mbele na kwa pembeni, kwa sababu ufa unaweza kujificha upande mmoja, kama mtu anayesimama nyuma ya nguzo. Kuna ufa mwingine ndo kiboko zaidi, ule wa kuchoka. Huu hauji kwa rafu. Unakuja kwa kukimbia sana kwenye uwanja mgumu kama saruji, mazoezi asubuhi na jioni, mfupa haupati nafasi ya kujirekebisha. Eksirei ya siku ya kwanza inaweza isionyeshe kitu, na baada ya wiki mbili au tatu ndo alama zinajitokeza. Klabu zenye pesa hazisubiri, zinampeleka mchezaji kwenye MRI. Mchezaji wa daraja la chini anaitwa mvivu mpaka siku mguu unapokatika kweli.

Kingine ni kukanda. Maji ya moto na kuchua kwa nguvu siku ya kwanza vinaongeza damu kuvuja na uvimbe, na kama mfupa umepasuka, mchuaji anasogeza vipande. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, mguu ukainuliwa, ukatulizwa: hiyo ndo huduma mpaka majeruhi afike kwenye eksirei.

HOGO AU CHUMA?

Mfupa hauungwi na daktari. Unajiunga wenyewe. Kazi ya daktari ni kuviweka vipande mahali pake na kuhakikisha vinatulia, basi.

Ufa uliotulia, usiosogea, unafungwa hogo na mtu anapewa magongo. Tatizo ni mfupa mkubwa wa goko, ule unaoubonyeza mbele ya mguu chini ya goti. Ukivunjika wote pamoja na mwenzake mwembamba, kama ilivyokuwa kwa Aaron Ramsey, misuli inavivuta vipande vipandane na mguu unafupika. Hapo mara nyingi wanaingia na chuma kirefu: kinapitishwa katikati ya mfupa wenyewe, kwenye uwazi wa uboho, kuanzia chini ya goti kushuka, kisha kinafungwa kwa skrubu juu na chini. Faida yake ni kwamba mgonjwa anaanza kukanyaga mapema, misuli hailali sana.

Hiyo siyo tiba ya Ulaya peke yake. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, pale Dar es Salaam, imewafunga watu wengi vyuma vya namna hiyo, wakiwemo vyuma vya SIGN, shirika la Marekani ambalo lilibuni aina inayoweza kuwekwa hata pasipo mashine ghali ya kuonyesha eksirei ya moja kwa moja wakati wa upasuaji. Wagonjwa wengi si wanasoka, ni wa bodaboda. Lakini goko ni goko.

Waunga mifupa wa jadi nao wapo, na wana wateja. Kwa ufa mdogo uliotulia, mgonjwa anaweza kupona mikononi mwao, kwa sababu ileile kwamba mfupa unajiunga wenyewe. Hatari inakuja kwenye kufunga. Mguu uliovunjika unavimba kwa siku kadhaa, na ukifungwa vijiti na kamba vikakazwa siku ya kwanza, uvimbe unakosa pa kwenda na damu inabanwa. Hata hogo la hospitali linaweza kufanya hivyo. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, vidole vikifa ganzi, vikawa vya baridi au vikabadilika rangi, hiyo siyo ishu ya kusubiri kesho. Mtu arudi usiku huohuo, wafungue.

NDANI YA HOGO KUNA NINI?

Mfupa ni fundi wa ajabu. Ngozi ikipona inaacha kovu, mfupa ukipona unatengeneza mfupa.

Siku za kwanza linajikusanya donge la damu kwenye ufa. Uvimbe ule unaolaaniwa ndo unaoita mafundi. Kwenye wiki ya pili na ya tatu, donge linageuka kitu laini kama gegedu, kinaviunganisha vipande kama gundi ambayo haijakauka. Halafu chokaa ya mwili inaanza kuingia, gundi inakuwa mfupa mbichi, mnene kuliko ule wa mwanzo. Ukimpiga eksirei mchezaji wakati huu unaona uvimbe kama fundo la muwa pale palipovunjika. Kisha mwili unachukua miezi, hata miaka, kulichonga lile fundo mpaka lifanane na mfupa wa zamani.

Kwa mtu mzima goko linaomba miezi minne hadi sita hivi likienda vizuri, na linaweza kuzidi hapo. Mifupa mingine ina haraka zaidi. Uso unapona upesi kwa sababu una damu nyingi: Victor Osimhen aligongana kichwa na Milan Skriniar Novemba 21, 2021, Napoli ikicheza na Inter, akavunjika shavu na eneo la jicho, akafungwa vyuma vidogo na skrubu usoni. Ilitajwa miezi mitatu. Januari 17, 2022, korona nayo ikiwa imeshampitia na Afcon ya Cameroon ikimpita, alikuwa uwanjani dhidi ya Bologna na kinyago chake. Mifupa ilishaunga zamani, kinyago kikabaki.

Mifupa ya unyayo ndo imewatesa sana mastaa. David Beckham alivunjika mmoja, wa pili, Aprili 10, 2002 kwa rafu ya Aldo Duscher wa Deportivo La Coruna, na England nzima ikageuka kuwa madaktari. Juni 2 alicheza na Sweden kwenye Kombe la Dunia. Wiki saba na ushee. Sasa mchukue Neymar. Yeye ni mfupa wa tano, ule wa pembeni kabisa upande wa kidole kidogo, mguu wa kulia, Februari 25, 2018, PSG ikicheza na Marseille. Wa tano una sehemu karibu na shina lake ambayo damu inafika kwa tabu, na usipounga vizuri unavunjika tena. Ndiyo maana wanasoka hupigwa skrubu mapema badala ya kusubiri. Neymar alipasuliwa Machi 3 kule Belo Horizonte, akarudi Juni 3, miezi mitatu kamili. Januari 2019, dhidi ya Strasbourg, mguu uleule, mfupa uleule ukamsumbua tena. Mashabiki walikuwa na utani mwingi juu ya Neymar kujiangusha. Kwenye huo mfupa hakukuwa na maigizo.

Sigara nayo inachelewesha mfupa kuunga, kwa sababu inabana mishipa midogo ya damu. Hili madaktari wa mifupa wanalirudia kila siku na wagonjwa wanawasikiliza huku wakitafuta kiberiti.

MFUPA UMEPONA, MCHEZAJI BADO

Ramsey alikuwa na miaka 19 tu Februari 27, 2010, pale Ryan Shawcross wa Stoke City alipomvunja mguu wa kulia. Umri ulimsaidia. Lakini eksirei ikishasema mfupa umeunga, kazi nyingine ndo inaanza. Mguu uliokaa ndani ya hogo unakonda kama wa mtoto. Kifundo kinakuwa kigumu. Mtu anajifunza upya kusimama mguu mmoja, kuruka, kugeuka, kupiga. Na mpira wa kwanza wa 50 kwa 50 unakuja na maswali yake.

Arsene Wenger hakumtupa moja kwa moja kwenye moto. Novemba 2010 Ramsey alipelekwa kwa mkopo Nottingham Forest, baadaye Cardiff City, kwenda kugongwa na kuinuka mbali na macho ya watu. Mei 1, 2011 alifunga bao pekee Arsenal ikiichapa Manchester United. Mei 2014, kwenye fainali ya Kombe la FA dhidi ya Hull City, dakika za nyongeza, ndiye aliyefunga bao la 3-2 lililomaliza ukame wa makombe wa miaka tisa.

Na Eduardo? Februari 16, 2009, wiki moja pungufu ya mwaka tangu St Andrew's, alianza dhidi ya Cardiff City kwenye Kombe la FA. Emirates nzima ilisimama. Akafunga kwa kichwa, akafunga na penalti, Arsenal ikashinda 4-0. Kipindi cha pili akaomba kutoka. Watu wakaangalia kifundo cha kushoto. Kifundo kilikuwa fiti kabisa. Kilichomtoa ni msuli wa nyuma ya paja, uliokuwa haujacheza mechi ya namna ile kwa mwaka mzima.